Na Si Watu

Siku ya kwanza waliniambia daftari lipo Ilala Boma.
Ilala Boma wakasema lilihamia Upanga
mwaka ule wa mafuriko, kwenye lori la halmashauri,
na yule wa Upanga, bila kuinua macho kwenye chai yake,
akanirudisha: "Boma. Muulize Bi Subilaga."

Bi Subilaga ana funguo kumi na saba
na kikohozi cha vumbi la watu wengine.
Aliniuliza natafuta nini. Nikamjibu: kiwanja.
Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya vyumba sita,
uani mna kisima kilichofukiwa.
Binamu zangu wamepata mnunuzi, mtu wa maghorofa,
na baraza la ardhi linataka jina la kwanza.
"Wote mnakuja kwa kiwanja," akasema,
akanipa glavu za kuoshea vyombo.

Daftari la kodi, mwaka wa thelathini na nane.
Mchwa walianzia nyuma, kwenye Z,
wakala, wakala, wakachokea M.
Nilishukuru babu hakuitwa Salehe.

*Kibwana Mwinyikondo. Mchukuzi, bandarini.
Kodi, shilingi kumi na mbili. Amelipa sita.
Watu: wanne.*

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea.
Babu. Baba mkubwa Mtoro. Shangazi Chausiku.
Baba yangu, ambaye mwaka huo alikuwa bado ananyonya.
Wanne, kweli.
Ananyonya kwa nani?

Pembeni, kwenye safu ya Maelezo,
kwa mwandiko ulionyooka, wa mtu asiye na haraka,
karani ameongeza maneno matatu:
*na si watu*.

Panka liligeuka mara nyingi juu yangu
kabla sijacheka, na kabla kicheko hakijanikwama.

Bibi aliitwa Siwatu.
Watatu waliomtangulia walizikwa kabla ya arobaini,
ndipo mama yake akampa jina la kukihadaa kifo:
pita, hapa hapana cha kuchukua.
Kifo kikasikia, kikapita.
Karani naye akapita.

Namwona babu mlangoni, mabega yana unga wa magunia,
anataja nyumba yake kama anavyoipenda, wa mwisho ndiye wa kwanza:
"Mimi, na Mtoro, na Chausiku, na huyu mdogo, na Siwatu."
Na kijana wa kalamu, mgeni wa pwani,
labda amewaza mbuzi.

Nikafunua ukurasa.
*Januari. Sita zilizobaki. Zimeletwa na mwanamke wa nyumba.*
Hakuna jina.
Kuna dole gumba.

Limekolea wino upande mmoja, upande mwingine halikushika,
kama kidole kilikuwa na mafuta.
Alikuwa akikaanga vitumbua tangu alfajiri, hilo tuliambiwa,
na shilingi zake alizifunga pindoni mwa kanga,
fundo ambalo babu mwenyewe hakuthubutu kulifungua.
Hatukuambiwa kwamba nyumba ile
ilisalia kwa sababu ya fundo lile.

Nikavua glavu. Hairuhusiwi.
Nikaweka dole langu juu ya lake, likapwaya:
lake pana, langu la mtu wa kalamu.
Bi Subilaga akageukia kabati,
akaanza kutafuta ufunguo alioushika mkononi.

Nakala ni shilingi elfu mbili, na stakabadhi juu.
Simu ikaita mfukoni, binamu, nikaiacha iite.
Bi Subilaga akainamia kitabu chake cha risiti.
"Jina la mhusika?"
"Siwatu."
Kalamu ikasimama.
"Neno moja, au mawili?"
"Moja," nikasema. "Na herufi kubwa mwanzoni."

Nambari ya kiwanja nilisahau kuiandika.
Nimekumbuka nikiwa nimeshafika Karume,
risiti mkononi, jua la saa nane utosini.
Itabidi nirudi kesho.
Au keshokutwa. Kiwanja hakina haraka.