Kisima cha Siagi

Daktari wa Castlebar alichora kwa kalamu nyekundu
mshipa wa moyo wa mume wangu:
mrija wa sinki, alisema, ulioganda samli.
Malachy akatazama dirishani.
Mimi ndimi niliyeikunja ile karatasi
nikaibana kwenye friji kwa sumaku ya kondoo.

Leo ni tarehe kumi na saba Machi.
Upepo wa Mayo unapiga milango bila hodi,
Cathal yu njiani kutoka Galway na watoto watatu,
na mimi, Attracta, binti wa mwanamke
aliyesukasuka maziwa mpaka viganja vikaota sugu,
nabandua mafuta kwenye nyama ya mwanakondoo
kama fundi cherehani anayefumua upindo.
Paka anafuata kisu kwa macho.

Supu ya mifupa niliilaza nje kwenye baridi.
Asubuhi mafuta yameganda juu kama barafu ya dimbwi,
nikayang'oa kipande kizima.
Shayiri konzi mbili, liki, karoti, thaimu:
sufuria haikujua kwamba imepunjwa.

Viazi ndivyo vilivyonishinda.
Viazi vya kuponda na sukumawiki, chakula cha mama,
ambacho katikati yake alichimba kisima
na kisima akakijaza siagi hadi ukingoni,
kila mtu akaanza kula kutoka upande wake
akielekea katikati, polepole,
kama mtu aendaye kuungama.

Nimeponda kwa mtindi. Nimetia majani ya vitunguu,
pilipili manga, maji kidogo yaliyochemsha sukumawiki.
Nimechimba kisima.
Nimesimama nacho, mwiko mkononi.
Utatia nini katika shimo lililozoea dhahabu?

Nikatia kijiko cha chai. Kimoja.
Kikametameta kule chini
kama senti aliyoitupa mtu mwenye ombi.

Mezani Malachy alikiinamia.
"Hata Kwaresima," akasema, "hulegeza kamba siku ya Patrisi."
"Kwaresima haina mishipa," nikamjibu.
Cathal akameza kicheko. Éabha, kitinda mimba wake,
akanyoosha kijiko: "Babu, kisima chako kimekauka?"
"Ni kiangazi, mjukuu wangu,"
na mvua ikipiga kioo kana kwamba inambishia.
Akala. Akaongeza mchuzi. Akafuta sahani
kwa mkate wa magadi wenye pumba.
Hakusema kitamu, hakusema kibaya.
Alikula, akaegemea kiti, akashusha pumzi,
na ile pumzi niliihesabu.

Usiku, vyombo vimekauka, wageni wamelala,
nilishuka ngazi bila viatu.
Siagi ilikuwa nyuma ya kopo la shayiri,
pale nilipoapa hatapajua.
Juu ya mche wake palikuwa na alama ya kidole,
pana, ya mchunga kondoo.

Nikasikiliza. Juu, alikuwa anakoroma.
Kando ya alama yake nikatia yangu.