Buluu Kushoto, Kijivu Kulia

Saa mbili asubuhi, nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Winnipeg nzima inatoa mvuke puani kama farasi.
Sisi wazee tunatembea ndani,
katika jengo la maduka ambayo bado hayajafunguliwa,
tunazunguka, tunazunguka,
kama maji yanayotafuta tundu la sinki.

Leo nimevaa viatu viwili visivyo ndugu:
buluu kushoto, kijivu kulia.
Mlinzi kanitazama miguu, kisha uso,
kisha miguu tena. Hakusema kitu.

Usicheke. Miaka thelathini na mmoja nimebeba barua za watu,
ngazi za barafu, mbwa, mageti yaliyoganda,
na sasa nyayo zangu zinadai malimbikizo.
Duka limenipa siku thelathini:
vaa, tembea, kisichokufaa rudisha,
mradi usikitie matope.
Nikanunua jozi mbili. Moja itarudi.

Cha buluu kina soli nene kama mkate ulioumuka.
Ukikanyaga, unazama; kinakupokea
kama godoro la mgeni, lile linalotandikwa mara moja kwa mwaka.
Kisigino kinasema, ahaa.
Lakini kwenye kona, pale kwenye duka la miwani,
kinayumba,
na kifundo kinashtuka kama mtu aliyesinzia kanisani
akasikia anaitwa jina.

Cha kijivu nacho ni kinene, ila kina msimamo.
Soli imepinda mbele kama kiti cha bembea:
hutaki kwenda, kinakwenda nawe.
Siku ya kwanza nilikichukia.
Kilinihimiza kama mkuu wetu wa posta,
haya, Halldora, haya, mitaa haijitembelei.

Mzunguko wa tatu akanifikia Orest Hnatiuk,
fundi bomba mstaafu, kofia hadi kwenye nyusi.
Tangu mwaka juzi sukari imekula hisia za miguu yake.
Anasema anatembelea miguu ya kuazima
na mwenyewe hajaja kuidai.
Akatazama chini.
"Niambie," akasema, "vikoje?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa.
Je, kitanda unachokilalia kila usiku
na husikii lolote?

Nikaanza na cha buluu.
Theluji ya kwanza ya Novemba, nikamwambia,
uani, kabla hata paka hajaikanyaga.
Akafumba macho, akapunguza mwendo.
"Hiyo naikumbuka."
Na cha kijivu?
Gati la mbao kule Gimli, wakati wa kiangazi:
unaupa ubao hatua yako, nao unakurudishia chenji.
"Hadi senti ya mwisho?"
Senti zilishafutwa, Orest.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Hapo ndipo nilipomwona anavyotembea.
Macho hayatoki sakafuni;
kila hatua anaihakiki kama mtu anayehesabu noti za mwenzake.
Godoro langu la mgeni, nikafikiri,
lingemwangusha kabla ya Pasaka.

Nikamwambia: chukua cha kijivu,
ongeza nusu namba kwa ajili ya soksi nzito,
na kila asubuhi tanguliza mkono ndani kabla ya mguu,
upapase kama kuna kijiwe, uzi, mshono uliofumuka.
Mkono wako bado unasema kweli.
Akautazama huo mkono, wenye makovu ya spana,
kama mtu aliyeambiwa kwamba ana akiba benki.

Mimi mwenyewe? Magoti yangu yanapiga kura kwa kijivu.
Visigino vinalilia buluu usiku kucha.
Fomu ya kurudisha iko mezani, chini ya kikombe,
inauliza sababu, na imeacha mstari mmoja tu wa kujibia.

Zimebaki siku kumi na tisa.

Tulipoachana mlangoni, anafunga zipu ya koti
kwa vidole vinene, bila haraka, akaniita.
"Kesho geuza," akasema.
"Kijivu kushoto, buluu kulia.
Mguu huo mwingine nao
utakuwa na habari zake."