Orodha ya Marehemu

Askofu Lamberti alikuwa na pete moja na funguo kumi na tisa.
Pete tuliibusu.
Funguo tulizisikiliza: zikilia upande wa ghala,
kina mama walisimama na vibaba vyao kabla hajaita.

Mimi Eufrasia, mfua kanzu zake,
vita nilivisoma kwenye pindo:
Jumatatu tope la Kingani, alikokwenda kuonana na wakuu wa wapiganaji,
Jumatano chumvi ya bahari, alikoitwa mezani na wenye manowari,
na siku zote unga wa mtama,
maana alipima mwenyewe, pishi kwa pishi,
hakumwamini hata Mtakatifu Yosefu.

Misheni ilifurika. Watu wa Kaole, watu wa Dunda,
Banyani wawili na mizani yao,
mwalimu wa chuo na msahafu wake kwapani,
mbuzi hadi sakristia.
Kwetu yeye ndiye altare, ndiye liwali.
Asubuhi kanyosha mikono juu ya mkate;
adhuhuri, mizinga ikinguruma, kakaa barazani
kuamua kesi ya kuku:
“Kuku ni wa Kandida. Mayai mgawane.”
Tulicheka mpaka ukuta ukapasuka,
ila si kwa kicheko.

Ndipo akaja afisa wa Kijerumani, buti mpaka magotini.
Alitaka majina ya vijana
waliotoka langoni mwetu wakashika bunduki.
Askofu akasema: kesho.

Usiku huo taa haikuzimwa.
Nilipeleka maji, nikamkuta na daftari la maziko,
mkono wa kalamu ukitetemeka kama wa mwizi.
Kulipokucha akatoa orodha: thelathini na mmoja,
wote marehemu, wote chini ya minazi,
kila jina na tarehe yake.
La kumi na nne: Firmini,
mdogo wangu.

Nililia kilio cha kweli. Nilikalia jamvi siku tatu.
Siku ya nne mkono ukapenya tundu la ukuta wa nyuma,
ukaomba mhogo
kwa sauti yake ileile ya puani.

Nikamkimbilia Askofu. Hakuinua macho.
“Maiti hawali ghalani kwangu,” akasema,
akanitupia ufunguo wa lango dogo.
“Mpe jina jingine kwanza. Chakula baadaye.”

Wino ulibaki kwenye mkono wa kanzu.
Nilisugua kwa limau, nikaanika juani, wapi.
Ijumaa tatu hakula kitu.
Hakuniambia ni kwa ajili ya uongo,
au ya wale wawili aliowasahau kuwaandika,
walionyongwa Jumamosi.

Naye amekwisha kuzikwa. Kweli, safari hii.
Kila Novemba padri kijana hulifungua daftari lile,
Firmini, hutamka polepole, kwa heshima,
na kanisa zima hujibu: apumzike kwa amani.
Nami hujibu.
Kwenye fundo la kanga nina chumvi ya Saadani
aliyoniletea Jumanne mtu mmoja aitwaye Mlekwa,
akilalamikia bei, kwa puani.