Kulabu Namba Tano

Nyamizi amenipa kulabu ya plastiki, namba tano,
nyepesi kama njiti ya kiberiti katika kiganja hiki
kilichobeba kulabu za chuma kati ya behewa na behewa
miaka thelathini na mmoja, stesheni ya Tabora.
"Babu, usiikamate kama nyundo. Ishike kama kalamu."
Kalamu nayo sikuizoea sana, namwambia.

Anacheka. Yuko kidato cha pili, likizo ya Juni.
Baridi ya Isevya inapasua midomo,
na Kalunde wangu hutoka alfajiri kukaanga vitumbua
na khanga moja begani, kana kwamba kipupwe ni cha watu wengine.
Ndiyo maana nimenunua sufu, mabonge manne, rangi ya asali.
Muuzaji akauliza, mama ndiye kakutuma?
Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Kitanzi cha kwanza ni kama kiinimacho:
zungusha uzi kidoleni, pitisha kulabu, vuta,
na kitu ambacho hakikuwepo, kipo.
Piga uzi, vuta. Piga uzi, vuta.
Huo ndio mnyororo.
Wa kwangu ulikaza kama mkono wa mtu mwenye deni,
kulabu haipiti.
"Legeza, babu. Uzi si mwizi, haukimbii."
Macho sitini. Panda jicho moja, geuza,
rudi ulikotoka.

Mstari wa kumi na mbili akaitandaza kazi yangu mapajani,
akanyamaza.
Mtandio ulikuwa unakonda
kama njia inayoishia porini.
"Hesabu macho."
Arobaini na tisa.
"Kila mwisho wa mstari unaacha moja.
Lile la pembeni kabisa, linajificha.
Unadhani umefika, kumbe bado."

Mimi! Mimi niliyehesabu mabehewa usiku wa manane
kwa sauti tu ya magurudumu yakipita kwenye kiungo cha reli,
sikupoteza hata moja.
Hivyo ndivyo nilivyosema siku ya kustaafu.
Wakapiga makofi, wakanipa saa ya ukutani.

Si kweli.
Mwaka ule wa mvua nyingi, behewa la chumvi ya Uvinza
lilibaki Usoke, la mwisho kabisa, gizani.
Nikaandika ishirini na mbili.
Yalikuwa ishirini na moja.
Aliyekatwa mshahara ni Mihambo, zamu ya asubuhi,
na Mihambo hakuuliza neno.
Alikuja harusi ya binti yangu, akala, akatunza.

Mtoto sikumwambia. Nilimwuliza tu,
sasa nifanyeje?
"Fumua."
Yote?
"Mpaka pale palipo sawa."

Kufumua ni rahisi hadi aibu.
Unavuta, na jioni tatu zinarudi kuwa uzi,
ila uzi wenyewe umejikunjakunja,
unakumbuka kila kitanzi.
Nikaanza tena. Kila mwisho wa mstari nikasimama,
nikalitafuta lile la pembeni kwa ukucha.

Leo umefika dhiraa tatu. Bado kuficha ncha,
bado matamvua.
Kalunde ameuona, nyumba ya vyumba viwili haina siri,
akaujaribu juu ya khanga, mikono ina unga wa mchele.
"Huku mwanzo mbona pamekaza hivi?"
Hapo nilikuwa sijajua kulegeza.
"Na hiki kingine je?"
Kitini lilikuwepo bonge la nne na mnyororo mpya,
macho ishirini, upana wa shingo ya mwanamume.
Cha Mihambo.
"Mihambo wa Cheyo? Kwani amekuomba?"
Piga uzi, vuta.
Hakuomba, nikasema.
Niache kidogo, nahesabu.