Nilishona Mkia

Fundi Kyalwe aliniletea mifupa ya usukani wa mkiani
imefungwa kwa blanketi juu ya baiskeli,
kutoka Luano mpaka kibanda changu cha Kamalondo,
akauliza bei ya kuvisha kitu kisicho na kiuno.
Nikadhani ananitania. Mimi hushona
sare za kwaya, vikwembe vya harusi,
suruali za wachimbaji zilizoliwa magotini.
"Ni ndege," akasema. "Ya vita. Ya zamani.
Bati lake nimeligonga mwenyewe miaka sita,
lakini mkia wake huvaa nguo, kama mtu."

Ndani ya injini alikuta nyuki,
ndani ya matundu ya bunduki, manyigu na udongo wao.
Nyuki akawahamishia mzingani, nyuma ya karakana;
nta yao ndiyo niliyopaka uzi wangu.
Bunduki zenyewe ziliondolewa zamani, sijui na nani.
Matundu akayaziba kwa mninga,
akaupiga randa mpaka ukang'aa kama mbao za kitanda.

Sindano ilipinda kama kucha ya tai.
Kila vidole viwili, fundo. Kila fundo, mara mbili.
Kisha dawa ya kukazia, harufu ya ndizi zilizopitiliza;
kichwa kikaniuma siku tatu,
kitambaa kikanywea, kikakaza,
ukikigusa kwa ukucha kinajibu: ti.

Mama anakaa nami. Haoni vizuri; anasikia mno.
"Unashona nini hicho kinacholia?"
Nikamwambia: mkia wa avio.
Akaendelea kuchambua matembele,
jani moja moja,
kisha, kana kwamba anaiambia sufuria,
akasema alikuwa na miaka tisa, upande wa Lufira,
akaingia kwenye shimo la mhanga chini ya kichuguu,
na kaka yake Nshimba akamfuata,
ila miguu yake ilibaki nje.
Akanyamaza hapo.
Mjomba Nshimba nilimkuta na magongo mawili.

Usiku ule nilifumua mishono kumi na minane.
Haikuwa mibaya.
Asubuhi nikaishona tena, kwa hasira,
imara kuliko mwanzo.

Jumapili akaja rubani Kamwanya,
mstaafu wa ndege za mizigo za Manono,
amevaa viatu vya kanisani.
Akakanyaga kushoto, akakanyaga kulia,
na kazi yangu ikapunga nyuma, huku na huku.
Injini ikakohoa moshi mweupe, ikazima.
Kyalwe akatukana kwa Kiluba.
Mara ya tatu ikashika;
majani yakalala chifudifudi, kofia ya mlinzi ikaenda zake.
Ikakimbia, na mkia ukainuka kwanza,
mkia! kabla ya kitu kingine chochote,
nikahisi uzi ukivutwa mahali fulani chini ya mbavu zangu.

Dakika kumi na moja.
Ikazunguka juu ya lundo jeusi la mavi ya shaba,
juu ya lile bomba refu lisilovuta tena kama zamani,
ikarudi, ikaruka mara mbili kama chura, ikakaa.
Kyalwe hakuinua macho hata kidogo:
alitazama saa, akasikiliza.
"Inavuta kushoto," rubani akasema,
oili imemchirizika mpaka shingoni.
Kyalwe akaandika kiganjani.
Mimi nilikwenda nyuma kuhesabu mafundo.
Moja lilikuwa limelegea, katika yale ya hasira.

Nyumbani nilimkuta Mama nje kwenye kigoda,
jua la Oktoba usoni,
bakuli la masuku halijaguswa.
"Imepita," akasema.
"Nilitaka kuingia ndani. Magoti yakakataa.
Nikakaa, nikaisikiliza yote."
Akatafuta suku kwa vidole, akalibonyeza, akalirudisha.
"Ile ya zamani haikukohoa hivyo.
Mwambie fundi wako."