Mbambakofi wa Mtongwe

Gome la kijivu. Linabanduka viduara viduara
kama sarafu zilizokataliwa dukani.
Vijani jozi tano, kila kikonyo kimejisokota.
Ua: petali moja tu, nyekundu;
nyingine mti umezinyima.

Nikaokota ganda, gumu kama soli ya kiatu,
nikalipasua: mbegu saba nyeusi,
kila moja na kofia yake ya rangi ya chungwa.
Daftarini nikaandika jina,
na mbele yake alama ya kuuliza.

Jioni nikapita Kibokoni kwa fundi Shebwana,
miaka arobaini anachonga milango.
Akaligeuza ganda, akanirudishia.
"Hili silijui."
Nikampa kipande cha tawi kavu.
Akakikwangua kwa patasi, akanusa mara moja:
"Ah, huu! Vumbi lake nimelikohoa ujana wangu wote.
Kumbe una majani?"

Kesho yake alifunga karakana, tukavuka na feri.
Hakutazama juu kwanza.
Alisogea hadi shinani, akavua kofia,
akagonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu,
akangoja,
kama mtu aliyebisha hodi
akasikia nyayo ndani.