Tukio Hili Pekee, au Yote Yajayo

Zamani funguo zilikaa kiunoni mwangu,
na baridi ya kila chumba niliijua kwa kiganja.
Jikoni palikuwa na huruma. Ukumbi mkaidi.
Chumba cha kwaya, upande wa kaskazini,
kilikuwa mdaiwa sugu:
ukikikopesha joto asubuhi, jioni hakina cha kurudisha.

Akaja kijana Osachoff kutoka Regina
na sanduku la bisibisi.
Akang'oa swichi zangu za mviringo,
akapachika themostati nyeupe kumi na moja,
kila moja na anwani yake mtandaoni.
"Bosi sasa ni kalenda, Mzee Orest.
Mkiandika harusi, joto litatangulia harusini.
Msipoandika, hakuna atakayekanza hewa tupu."

Hewa tupu!
Miaka thelathini na mmoja nimeikanza,
kwa kuwa watu huja bila kuandika.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa;
sasa mgeni njoo, ila jisajili kwanza.

Lakini bili ilishuka, sikatai.
Padri Bohdan aliibandika ubaoni kama cheti cha ubatizo.
Na mashine ina akili: nje pakiwa na nyuzi kumi chini ya sifuri
huamka nusu saa kabla ya watu;
zikifika thelathini na nane, huamka saa mbili kabla,
kama mama anayengoja mtoto aliyeko safarini.
Halyna ofisini huandika, mimi nasikia mabomba yakijibu:
Jumatatu, wanawake wa vareniki, nyuzi kumi na sita tu,
sufuria zitamalizia.
Jumanne, ghorofa ya chini, "Mkutano." Basi.
Walioacha pombe hawataki neno la ziada.

Februari bili ikapanda.
Halyna akafungua kumbukumbu za mfumo, akaniita.
Chumba namba saba. Kila Alhamisi, nyuzi ishirini na moja.
Tukio: Kwaya, na Myroslava.
Kurudia: kila wiki.
Mwisho: hakuna.

Myroslava tulimzika Novemba.
Tuliwasha makaa siku nzima juu ya ardhi
ndipo sururu ikakubali kuingia.
Kwaya ikabaki sauti nne, kisha mbili,
kisha kila mmoja akaimbia sinki la kwake.
Hakuna aliyeiambia kalenda.

"Futa," akasema Halyna.
Nikabonyeza. Programu ikauliza:
Tukio hili pekee, au yote yajayo?
Kidole kikaganda. Nikasema nitafuta kesho.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi.
Saa moja kasorobo nikapita ukumbini gizani,
theluji ikilia chini ya viatu hadi mlangoni,
nikasukuma namba saba.

Wasyl Prystupa, besi ya mwisho,
alikuwa ameketi pale pale safu ya nyuma,
koti wazi, soksi juu ya rejeta.
Hakushtuka.
"Boila yangu imekufa tangu Krismasi," akasema.
"Nilifuata daftari langu la nota, nikakuta joto.
Wiki ya pili, joto. Nikadhani ni wewe unaniwashia."

Ningesema ndiyo. Uongo mdogo, wa bure.
"Si mimi," nikasema.
Akatazama kile kisanduku cheupe ukutani,
taa yake ya kijani ndogo kama punje ya mtama,
akakohoa.
"Basi ni yeye. Siku zote alitaka tufike mapema."

Hatukuimba. Msidhani tuliimba.
Soksi zilipokauka alizivaa,
nikaenda ofisini, nikafungua lile tukio.
Mwisho: nikaandika tarehe thelathini Aprili.
Jina sikuligusa.

Kisha nikachukua spana na tochi,
nikamwambia Wasyl aongoze njia.
Nyumbani kwake maji yalikuwa yameganda ndani ya birika.